Mwanaume Aangalie Chini

Makomeno, Lubumbashi
Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025

Papa mpendwa,

Naahidi kukueleza yote katika barua hii, hata yale ambayo Mama hataki yatoke nje ya ukuta wa lupango yetu. Mwalimu wetu, Madame Myriam, anasema barua inayoficha mambo ni karatasi iliyotupwa bure. Nimeanza mara nyingi na kuchana. Hii sitaichana.

Hatujambo, lakini si sana. Mdogo wangu Kiki anakohoa. Baridi imeshuka mapema, kwa hiyo Mama ameingiza jiko la kuni ndani ya chumba cha kupikia, lile kubwa ulilomtengenezea kwa pipa, na anafunga mlango kwa sababu ya upepo. Mikate inaiva vizuri sana, wateja wanaisifu. Ila moshi hauna pa kwenda. Unazunguka juu ya vichwa vyetu, kisha unashuka kututafuta. Juzi tulimpeleka Kiki kwa muuguzi. Aliweka sikio kwenye kifua chake, akamwuliza Mama, "Huyu mutoto anavuta tumbaku tangu lini?" Mama hakucheka. Muuguzi naye akaacha kucheka, akasema moshi ukiendelea hivi, dawa hazitasaidia kitu.

Tukiwa njiani kurudi, mjomba wetu, Tonton Adalbert, alimwambia Mama, "Dada, muandikie bwana yako. Eko fundi ya matiyo ya kupitisha moshi, shi?"

Mama alijibu, "Kama alijua njia ya kuenda Kasomeno, anajua na ya kurudia."

Papa, najua kwa nini ulienda. Siku ile ya Pasaka mimi ndiye niliyeshika sinia ya vikombe. Wamama wa kwaya walikuwa wamejaa sebuleni, na Mama akasema, "Bwana yangu anawekea mutaa muzima matiyo ya moshi. Mu nyumba yake, tiyo ni mimi: moshi yote inapita mu pua yangu!" Walicheka mpaka chai ikamwagika. Wewe pia ulicheka kidogo. Walipoondoka ulimwambia Mama, mbele ya Tonton, maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kesho yake ukachukua kazi ya kutengeneza majiko ya kukaushia samaki huko Kasomeno, ukasema ni ya wiki mbili.

Simu hapa nyumbani ni moja, ya Mama. Jina lako likitokea, anaiacha iite mpaka ichoke. Ndiyo maana nampa barua hii Guelord, dereva wa lori la samaki. Amesema atapita kwako akielekea Kasenga.

Siombi urudi. Yaani ninaomba, lakini si leo. Leo naomba matiyo ya jiko tu, mabomba ya kutoa moshi nje, kwa ajili ya Kiki.

Mtoto wako,
Wivine

*

Kasomeno, 11 Juni 2025

Wivine, mwanangu,

Barua yako imefika. Inanuka samaki lakini inasomeka vizuri. Umshukuru Madame Myriam.

Nimempa Guelord matiyo sita, kona moja, na shingo ya malata ya kuzibia tundu la paa. Nimeyakata kwa malata mazito, si mabati mepesi ya sokoni. Kila tiyo ina upande mmoja uliofinywa. Ule tunauita mwanaume. Upande ulio wazi ni mwanamke. Mmoja anaingia ndani ya mwingine, mnakaza kwa vise tatu, skrubu fupi. Basi, Adalbert ataelewa.

Jambo moja msilisahau: tiyo isiguse mbao za paa. Mkono wako upite kati ya tiyo na mbao pande zote, la sivyo mtachoma nyumba ambayo babu yako aliipata kwa kazi ya reli.

Usimwambie mama yako kwamba ni mimi. Sema Guelord ameyapata huko anakopita.

Kazi ya huku haijaisha. Wenye samaki wanataka majiko mapya kila siku.

Mgongo wa mama yako unaendeleaje? Hapana, usijibu hilo.

Papa wako,
Donat

*

Makomeno, Jumanne, tarehe 17 Juni 2025

Papa mpendwa,

Uongo wako haukumaliza hata dakika moja. Guelord alishusha matiyo mlangoni, Mama akatoka akipangusa unga mikononi. Hakusalimia. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mshono wa tiyo moja, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hii mushono ni ya nani?"

Guelord akasema, "Ya... ya ku soko, Mama."

"Soko gani banakunja malata mara mbili?"

Guelord akaanza kuangalia magurudumu ya lori lake. Nilidhani Mama atamwambia arudishe vyote. Aliingia ndani, halafu akamtuma Kiki amletee Guelord chai na mkate wa moto. Mkate ule ulikuwa na siagi, Papa. Sisi hatukupewa siagi siku ile.

Jumapili baada ya misa Tonton Adalbert alipanda juu ya paa na viatu vyake vya kanisani. Mimi nilikuwa chini, nikimpa matiyo. Nilimwuliza upande uliofinywa uende wapi, maana una mikunjo kama sketi yangu ya shule na nilifikiri sketi huangalia chini. Akanicheka.

"We, mutoto ya masomo! Moshi inapanda wapi? Juu, shi? Basi na mwanaume aangalie juu, aonyeshe moshi njia."

Tukafanya hivyo. Mama aliwasha jiko. Papa, ilikuwa ajabu! Moshi uliingia kwenye tiyo kama mtu anayeitwa na mkubwa wake. Tulifungua mlango, tukaona ukuta wa upande wa pili, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo tulikuwa tumeisahau. Usiku ule Kiki alilala bila kukohoa.

Lakini tangu jana matiyo yanatoka jasho. Maji meusi yanashuka kwenye kila kiungo, kwa nje, mazito, yananuka kama lami. Yanadondoka kwenye jiko na kuungua, nyumba nzima inanuka. Yameangukia mikate, na mama mmoja wa kwaya amerudisha yake, amesema ina ladha ya barabara. Yameangukia pia shati langu jeupe la shule. Mama ametandaza makopo chini. Hasemi lolote juu yako. Ingekuwa afadhali aseme.

Tonton anasema malata yako ni mabaya. Mimi nimemwambia si kweli, na sasa hatusemeshani.

Tumekosea wapi, Papa?

Wivine

*

Kasomeno, 20 Juni 2025

Wivine,

Karatasi hii ya kwanza umpelekee Adalbert, aisome yeye mwenyewe kwa macho yake. Ya pili ni yako, uishike kichwani, kwa sababu kesho na wewe utakuwa na jiko lako.

Adalbert, shemeji. Malata yangu hayana ubaya. Umeyasimamisha matiyo kichwa chini. Zima jiko, liache lipoe. Fungua vise zote, shusha matiyo, yakwangue masizi kwa mchanga. Halafu uanze chini kwenda juu, na safari hii mwanaume aangalie chini, kila mahali, hata kwenye kona. Kuni ziwe kavu. Kuni mbichi ndizo zinazolia ndani ya tiyo, na machozi yao ndiyo hayo mnayoona. Na uvue viatu vya kanisani.

*(karatasi ya pili)*

Kosa ni langu. Nilifikiri jambo hili linajulikana, kwa hiyo sikulisema. Mwanaume anapaswa kuangalia chini. Akiangalia juu anapendeza, na siku za kwanza hamwoni shida. Lakini uchafu wote unaoshuka unapita kando yake na kumwagika nje, mbele ya watu, na nyumba nzima inanuka. Akiangalia chini, mwanamke anampokea, na uchafu unabaki ndani yao wawili, unarudi kwenye moto, moto unaumaliza. Hakuna anayeona kitu. Watu wengi hawaamini. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo nikiwa kijana, nikabisha, mpaka nilipoharibu nyumba. Kufungua yote na kuanza upya si aibu. Nisamehewe mikate iliyoharibika.

Donat

*

Makomeno, 23 Juni 2025

Papa Wivine,

Mimi sijui kuandika kama mtoto wako. Utasoma hivyo hivyo.

Nilikuwa nafua shati la Wivine, lile lenye madoa, na mfukoni nikakuta karatasi yako. Sikuwa natafuta. Nilisoma nimesimama, halafu nikageuza ndoo nikakaa.

Miaka yote hii sijasikia kwako maneno kama hayo. Hata siku ya ndoa padri ndiye aliyesema yote, wewe ulisema ndiyo, tena kwa sauti ndogo. Sikujua yamo ndani yako. Sikujua pia kwamba unayaandika na kumwachia mtoto, kama vile unaogopa mlango.

Unasema mwanaume aangalie chini. Mimi sikutaka uangalie chini. Nilitaka uniangalie mimi.

Na huo uchafu uliomwagika mbele ya watu, usiuchukue wote peke yako. Mkono wangu ndio uliomwaga. Nilifurahi kuwachekesha wamama wa kwaya. Nilipoona uso wako, neno lilikuwa limeshatoka, na kiburi kikanizuia kulifuata.

Unasema kufungua yote na kuanza upya si aibu. Ninakubali.

Blanketi letu la buluu bado limo kwenye sanduku. Sijalitoa, ijapokuwa baridi ni kali. Unajua kwa nini.

Usijibu kwa haraka. Lakini usichelewe.

Honorine

*

Kasomeno, 26 Juni 2025

Wivine,

Kaa mahali ambapo mama yako hakuoni, usome.

Mama yako ameniandikia. Guelord alinipa barua nikiwa juu ya jiko la samaki na nyundo mkononi. Nilisoma pale pale, na watu wakadhani nimefiwa, wakaniletea kiti. Nilishindwa kuwaeleza. Anajibu maneno ambayo sikumwandikia. Anasema nimemwambia hili na lile, na kila neno analolitaja ni langu kweli, lakini nililisema juu ya malata.

Ni karatasi ya pili, shi? Uliiweka mfukoni peke yake. Ya kwanza ilikuwa kwa Adalbert.

Hapa niliandika: usimwambie kitu. Nikafuta, unaona doa. Halafu nikaandika: mwambie leo hii. Nikafuta hiyo pia. Siwezi kuingia nyumbani kwangu kwa sababu karatasi moja ilipotewa na mwenzake. Siku atakapojua, nitaonekana mwizi. Na siwezi kumwambia mwanamke aliyeandika barua kama ile kwamba nilikuwa nafundisha kazi ya matiyo. Tangu jana nimekata malata vibaya mara mbili. Jambo hilo halijanitokea tangu nilipokuwa ninajifunza.

Adalbert amekwisha kuyageuza? Kifua cha Kiki kikoje?

Wewe uko karibu naye, unaona uso wake. Fanya lile ambalo unaweza kulisema bila kujificha.

Papa wako

*

Makomeno, Jumapili, tarehe 29 Juni 2025

Papa mpendwa,

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilijaribu kumwambia Mama jioni ile ile. Alikuwa anakanda unga huku akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya peke yake, bila sauti ya kwanza, na nikashindwa. Nilijaribu tena asubuhi. Alinisuka nywele bila kunivuta hata mara moja. Nikashindwa tena. Nilikuwa ninatembea uani, naingia, natoka, mpaka akaniuliza kama nina minyoo.

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa linakuja na ngazi. Tonton Adalbert alifika jana na karatasi ya kwanza. Alikuwa ameikasirikia wiki nzima, ndiyo maana alichelewa. Alivua viatu, akapanda, akaanza kufungua vise. Mimi nilikwangua masizi kwa mchanga kama ulivyosema. Alipoanza kupanga upya, aliisoma karatasi kwa sauti kubwa kule juu, ili kila mtu ajue kwamba hakosei yeye.

"Donat anasema, mwanaume aangalie chini! Chini, kila fasi! Mwanamuke juu!"

Mama Chama, jirani yetu, akatokeza kichwa juu ya ukuta. "Adalbert! Mambo ya kitanda ya bantu na bibi zao, unaitangaza ku malata?"

"Haina ya bantu, Mama Chama! Iko ya tiyo!"

"Ya tiyo! Basi hata tiyo inajua kuheshimu bibi, weye hapana!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Aliuliza, "Adalbert, umesema nini?"

"Tiyo, dada. Hii upande ya kufinywa, banaita mwanaume. Bwana yako anataka iangalie chini, ili maji meusi isimwagike inje."

Mama aligeuka akaniangalia mimi.

"Wivine. Ile karatasi ya mu shati."

"Ndiyo, Mama."

"Ilikuwa ya tiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Yote?"

Papa, sikutaka kusema. Nilisema, "Yote, Mama. Hata mikate ni mikate."

Alikaa kwenye kizingiti. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka. Halafu akawa analia. Halafu sikuweza kutofautisha tena. "Na mimi nimemuandikia blanketi!" alisema. "Blanketi! Muntu anafundisha mutoto kazi, mimi namutolea blanketi!" Sijui ni blanketi gani, na sikuuliza.

Kisha akajipangusa macho, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alirudi kwenye unga, akaupiga kama mtu aliyemkosea. Nilimwambia kwamba wewe ulijua tangu Jumatano, kwamba hukutaka kuingia nyumbani kwa karatasi iliyopotewa na mwenzake, na kwamba umeharibu malata mara mbili. Nilimwambia yote. Nilifikiri nikibakiza kitu kidogo tu, kitanuka siku moja. Alisikiliza, lakini mgongo wake ulikuwa umenigeukia. Akauliza kitu kimoja tu: "Malata? Donat?" Nikasema ndiyo, mara mbili.

Saa sita Tonton alimaliza, Mama akawasha jiko kwa kuni kavu za Mama Chama. Lilivuta vizuri kuliko mara ya kwanza. Tulikaa tukitazama viungo mpaka mikate ikaiva. Hakuna jasho. Hata tone. Kiki alipitisha kidole chini ya kona, akakionyesha kwa kila mtu: kisafi.

Mama alitoka nje kuangalia moshi. Aliweka mkono juu ya macho kuzuia jua, akaangalia muda mrefu.

"Adalbert. Kofia iko wapi?"

"Kofia gani, dada?"

"Ya kule juu. Tiyo iko wazi. Mvua ikianza, haitashuka mpaka mu moto?"

Tonton alishika kiuno. "Hakutuma. Amesahau."

"Donat?" Mama alisema. "Asahau kofia?"

"Si muntu tu? Nitakunja moja ya kopo, sasa hivi..."

"Shuka."

"Dakika tano, dada."

"Shuka, nimesema. Usiiguse."

"Na mvua?"

"Mvua ni ya mwezi wa kumi. Shuka ukule mukate."

Hakuingia ndani mara moja. Alibaki pale uani akiangalia mdomo wa tiyo ulio wazi, na nilimwona anatabasamu kidogo, kisha anajizuia, kisha anaukunja uso kama mtu anayejiambia asidanganyike mara ya pili.

Leo, tuliporudi kutoka misa, alinikuta nimekaa na karatasi hii. Hakuomba kuisoma. Alipanga vikombe, akavipangua, akavipanga tena, halafu akasema bila kuniangalia, "Ukimaliza, muulize juu ya kofia. Na asijibu vizuri. Ajibu kweli."

Kwa hiyo ninakuuliza mimi, kwa niaba yake na kwa niaba yangu. Guelord atapita kwako kesho na atarudi Jumanne, na nitakuwa nimesimama barabarani kabla lori halijafika. Huku nyumbani hakuna atakayekasirika kwa jibu lolote, ila tusiwekwe katika hali hii ya kungoja. Kofia ya tiyo uliisahau, Papa, au uliibakiza huko makusudi, ili iwe lazima uilete wewe mwenyewe?

Mtoto wako,
Wivine